Vile vyuma ulivyonipokonya

Mwanangu,

Juzi uliponikuta nimeshika vyuma vya mazoezi, ulinipokonya hata kabla ya salamu. Ukauliza: "Baba, moyo ulioumia utabebaje mizigo?" Nilikasirika, nikanyamaza. Sasa nakujibu.

Mtu akitembea, misuli hukaza na kulegea, damu ikapita. Akishika kitu kizito akatulia nacho, misuli hukaza mfululizo na kubana mishipa iliyo ndani yake. Moyo husukuma damu penye njia nyembamba, presha ikapanda, ya juu na ya chini. Akibana na pumzi, kama tunavyofanya sote tukiinua sanduku, hupanda zaidi. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma wenye afya zao wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu miwili. Presha ilifika wastani wa 320 kwa 250! Ya kawaida ni kama 120 kwa 80.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Baada ya mshtuko wa moyo kama ulionipata, sehemu ya moyo iliyokufa huwa laini, na kovu lake huchukua wiki kadhaa kukomaa. Ndiyo maana mwanzoni nilikataa kumbeba mwanao, nawe ukadhani nimemchoka.

Lakini wiki hizo zimepita, na vyuma vyangu ni vya kilo moja na nusu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenipangia, kwa idhini ya daktari. Nainua huku natoa pumzi, nashusha huku navuta, mara 12, wala sikai navyo juu. Mapigo hayaendi mbio kama nikitembea kwa kasi. Na ile presha ya chini, ambayo ndiyo hasa hupeleka damu kwenye mishipa ya moyo wenyewe unapotulia kati ya pigo na pigo, haishuki. Hilo lilinishangaza hata mimi.

Tena nguvu zikiongezeka, mzigo uleule unakuwa mdogo. Kilo 3 kwa mkono unaoweza 6 ni nusu ya uwezo wake. Kwa unaoweza 12, ni robo, na presha haipandi sana. Mwanao anazidi kunenepa, nami nataka kumbeba.

Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, naweka chini na kumwambia daktari. Hilo nakuahidi.

Vyuma viko kwenye buti la gari lako, najua. Jumamosi njoo navyo.

Baba yako