Mimea haitoshi: tazama kwanza jiko

Ndugu, umeuliza iwapo mimea ya vyunguni itasafisha hewa ya chumba chenu cha mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambamo mnapikia na kulala. Kwa maoni yangu haitasaidia kwa kiasi cha maana, kwani mngehitaji mimea mingi hadi mkose pa kuweka kitanda, na tatizo hasa ni jiko la makaa. Makaa yaliyokwisha kukolea hayatoi moshi mwingi, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, maana bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu na kuizuia kubeba oksijeni. Jiko hilo litumieni nje kila inapowezekana, na kamwe msilale nalo ndani, hata katika baridi ya Julai. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni afadhali sana, ingawa nao unahitaji dirisha wazi. Mnapopika, fungueni dirisha pamoja na mlango ili hewa ipite, kwa sababu dirisha peke yake, hasa likitazamana na ukuta wa jirani, huingiza hewa kidogo mno.