Zaidi ya sindano ya ng'ombe

Uliyeuliza kama daktari wa mifugo ana kazi nyingine zaidi ya kuchoma ng'ombe sindano: anazo, tena nyingine zinaishia kwenye sahani yako. Machinjioni, yeye au mkaguzi aliye chini yake hupasua ini kutafuta minyoo bapa, huchana tezi za kichwani kuangalia dalili za kifua kikuu, kisha hukata moyo na misuli ya shavu akisaka vifuko vya minyoo tegu, vidogo kama punje ya mbaazi. Mhuri kwenye nyama unakuja baada ya kisu hicho.

Maziwa nayo: ng'ombe akipewa antibayotiki, yeye ndiye anayesema yasiuzwe kwa siku ngapi. Wafugaji wengine humnunia, lakini dawa haitoki mwilini kwa kununa.

Kichaa cha mbwa je? Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wa jirani inamlinda mwanao.

Mapaka na mambwa ya nyumbani unayajua. Ah, na sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe: ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Ni kazi ya madaktari wa mifugo haohao.