Kabla ya kufunga mashine ya RO nyumbani, pima floraidi na presha

Tangu nifunge mashine ya RO, yaani ya kuchuja maji kwa utando mwembamba, jikoni kwangu, huku upande wa Usa River, majirani na jamaa wengi wamekuja kuulizia, na karibu wote huanza na bei. Bei ni jambo la kuulizwa, lakini si la kwanza. La kwanza ni kiasi cha floraidi kilichomo katika maji yako, na la pili ni presha ya maji yanayofika chini ya sinki lako. Mtu akishazijua namba hizo mbili, kuchagua mashine huwa kazi ndogo. Asipozijua, anaweza kununua mashine nzuri ya gharama kubwa ikaishia kuwa pambo la kabati.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuhitaji kuelezwa sana habari za floraidi, kwa kuwa tunaiona katika meno ya kahawia ya watu wa kila rika. Madini haya hutoka katika miamba ya volkano na kuyeyuka ndani ya maji ya ardhini, na kiwango chake hutofautiana sana kutoka kisima hadi kisima, hata pale ambapo viwanja viwili vinatenganishwa na ua wa michongoma tu. Kwa hiyo matokeo ya jirani si matokeo yako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushusha kiwango chake hadi hiyo hiyo 1.5. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kufikia umri wa miaka 8 hivi, na doa likishaingia humo halitoki kwa mswaki wala dawa ya meno. Mtu mzima anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi naye huweza kuathirika mifupa na viungo.

Niseme wazi jambo ambalo bado linawapotosha wengi: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ndani ya sufuria na kuwa nzito zaidi katika maji yaliyosalia. Vidonge vya klorini na vichujio vya udongo navyo havina uwezo huo. Njia zinazofanya kazi nyumbani ni chache. Ipo ya mkaa wa mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi na ambayo haihitaji umeme, ila mkaa ukishajaa floraidi huacha kuishika bila maji kubadilika rangi wala ladha, hivyo lazima maji yapimwe mara kwa mara. Yapo maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa, kwa mwenye paa safi na tangi kubwa la kumvusha kutoka masika hadi masika. Na ipo RO, ambayo husukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba unaozuia sehemu kubwa ya chumvi na madini, floraidi ikiwamo, kwa kiwango cha kati ya asilimia 85 na 95 utando ukiwa mzima.

Asilimia hiyo ndiyo sababu ya kusisitiza vipimo vya maabara. Maji ya kisima chetu yalikuwa na floraidi miligramu 7 kwa lita, na baada ya mashine yakashuka chini ya 1, kwa hiyo tupo salama. Lakini mwenye kisima chenye miligramu 20, hata mashine yake ikiondoa asilimia 90, atabakiwa na 2, ambazo bado zimezidi kiwango. Huyo afikirie kuchanganya maji ya mashine na ya mvua, au kutafuta chanzo kingine, kabla hajatoa fedha yake. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji zinazopokea sampuli za watu binafsi. Peleka maji katika chupa safi ya plastiki, si ya kioo, ukiwa umeisuuza kwa maji yale yale mara kadhaa.

Wauza mashine hupenda kumtumbukizia mteja kile kipimo kidogo cha TDS mfano wa kalamu, namba ikashuka kutoka mamia hadi makumi, mteja akaridhika. Kipimo hicho husoma jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. Hakijui floraidi ni ipi. Ni kifaa kizuri cha kufuatilia afya ya utando kila mwezi, na ninacho jikoni, lakini hakichukui nafasi ya maabara.

Sasa tuje kwenye presha, ambako mashine nyingi za mtaani kwetu hukwama. Utando wa mashine ya nyumbani unahitaji walau bar 3 ili ufanye kazi yake vizuri. Nyumba nyingi zinatumia simtanki lililowekwa juu ya mnara, na kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 tu. Mnara wa mita 5 basi unakupa nusu bar, ambayo inatosha kuoga na kuosha vyombo, lakini kwa utando ni kama hakuna. Tena hasara yake si kwamba maji hutoka polepole peke yake. Chumvi hupenya utando kwa kasi ile ile presha ikiwa ndogo au kubwa, ilhali maji safi hupenya kwa kadiri yanavyosukumwa. Presha ikishuka, maji safi hupungua na chumvi haipungui, kwa hiyo hata hayo machache unayopata huwa machafu zaidi, huku maji ya kumwaga yakiongezeka. Kwa sababu hiyo, mwenye maji ya tangi anunue mashine iliyo na pampu ndogo ya kuongeza presha, na ahakikishe ina swichi inayoizima pampu maji yanapokatika, la sivyo pampu itazunguka kavu hadi iungue. Anayepata maji moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka anaweza kuwa na presha ya kutosha bila pampu, lakini apime kwa geji asubuhi, mchana na usiku, kwani hubadilika.

Kuhusu aina ya mashine nitakuwa mfupi: chagua inayotumia makopo ya kawaida ya vichujio ya inchi 10 na utando wa kipimo cha 1812, hata kama ile yenye umbo la kupendeza na vichujio vyake maalumu inavutia macho. Vya kawaida utavipata Arusha mjini, na Kariakoo vipo tele. Vile maalumu vitakufunga kwa muuzaji mmoja, na siku atakapofunga duka ndiyo siku mashine yako itakapokuwa chuma chakavu. Utando wa galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 280 katika maji ya nyuzi 25, unaitosha familia ya kawaida. Mwezi wa Juni na Julai, maji yetu yanapokuwa ya baridi, uzalishaji hupungua waziwazi. Usiite fundi kwa ajili hiyo.

Ufungaji wenyewe unaweza kufanywa na fundi bomba yeyote makini, mradi asiuchukulie kama kufunga sinki. Mipira ya robo inchi ikatwe kwa wembe au kisu kikali, mkato ulionyooka, kwa maana mkasi huubana mpira ukawa wa mviringo usio kamili na hapo ndipo maji yatakapovuja. Usukumwe ndani ya kiungo hadi ugote, kisha uvutwe kidogo kuhakikisha umeshika. Utepe wa tefloni huwekwa kwenye nyuzi za skrubu tu, si kwenye viungo vya kusukuma. Ringi za mpira zilizo kwenye makopo zipakwe silikoni ya vyombo vya chakula. Mafundi wetu hupenda kupaka Vaseline, nayo hulainisha kwa siku chache kisha huweza kuzivimbisha ringi hizo zikapoteza umbo.

Mpangilio ni huu: maji hupita kwanza kwenye chujio jeupe la maikroni 5 linaloshika mchanga na tope, halafu kwenye vichujio viwili vya kaboni, ndipo yaingie kwenye utando. Kaboni haipo kwa ajili ya harufu tu. Klorini huuharibu utando wa aina hii, na mwenye maji ya mamlaka yaliyotiwa klorini akichelewa kubadilisha kaboni, anauunguza utando bila kujua.

Kabla ya kuuweka utando, nilimwomba fundi auache kwenye mfuko wake na kwanza apitishe maji kwenye vichujio vitatu vya mwanzo hadi kwenye ndoo nyeupe. Aliona ni kupoteza muda. Maji yalitoka meusi tititi kama ya kuoshea sufuria la kuni, yakawa ya kijivu, yakachukua muda kutakata. Vumbi lile la kaboni ndilo lingeziba utando mpya siku ya kwanza. Baada ya hapo alinawa mikono, akafungua mfuko, akausukuma utando ndani ya kopo lake ukitangulia upande wenye ringi mbili ndogo, hadi ukasikika umekaa.

Tangi dogo la kuhifadhi nalo lina jambo lake. Ndani yake kuna mfuko wa mpira uliozungukwa na hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoyasukuma maji hadi kwenye koki. Likiwa tupu, presha ya hewa iwe psi 7 au 8, kipimo ambacho geji nzuri ya tairi inaweza kukisoma. Likija limepungukiwa hewa, koki itatiririka glasi moja kisha itakuwa kama machozi, na utadhani mashine imekufa. Kuhusu koki, mwenye kaunta ya graniti au terazo asikubali itobolewe kwa biti ya kawaida. Itumike ya almasi, polepole, huku ikinyunyiziwa maji. Mimi niliiweka ukutani juu ya sinki nikaiacha kaunta salama.

Siku ya kwanza tandika magazeti makavu chini ya mashine na uyaache usiku kucha. Tone dogo ambalo jicho halilioni litaonekana kwenye karatasi. Tangi la kwanza na la pili yamwagwe, kwa kuwa utando huja na dawa ya kuuhifadhi.

Maji ya kumwaga ndiyo lawama kubwa ya RO, na ni lawama ya haki. Kwa kila lita moja safi, mashine nyingi za nyumbani humwaga lita tatu, wakati mwingine zaidi. Kwetu mpira wa maji hayo haukuelekezwa kwenye bomba la maji machafu, bali kwenye pipa lililoko nje ya dirisha la jikoni, ambalo hutumika kudekia, kufulia na kumwagia chooni. Yasinywewe wala yasipikiwe, wala wasipewe mifugo, kwa kuwa floraidi iliyoondolewa katika maji yako yote imo humo. Kwa bustani ya mboga ninayaepuka pia, kwani maji ya huku yana magadi mengi na udongo hugeuka mgumu.

Familia nyingi zikishapata maji ya RO huyaweka mezani kwenye jagi na kuendelea kupikia maji ya bomba. Hilo linapunguza nusu ya faida. Ugali, wali, maharage na chai vyote hunywa maji, na maharage yanayochemka saa nzima yanakusanya floraidi ya maji yote yaliyoongezwa. Pika kwa maji ya mashine. Nina ushauri mmoja zaidi ambao akina mama wa huku hawatanishukuru: magadi ya kulainishia makande na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi yenyewe, kwa hiyo anayechuja maji kwa gharama halafu akatia magadi sufuriani anairudisha kwa mlango wa nyuma. Loweka usiku kucha, inatosha.

Wapo wanaolalamika kwamba maji haya hayana ladha na hayana madini. Ni kweli madini yamepungua, na kuna kichujio cha mwisho kinachoyarudisha kidogo, ukipenda kiweke. Kwa mlo wetu wa mboga, dagaa na maziwa sioni sababu ya hofu kubwa. Vijidudu, hata hivyo, visisahaulike: utando huvizuia kwa sehemu kubwa, lakini tangi na koki vinaweza kuchafuka, na kwa mtoto mchanga bado ninashauri maji yachemshwe, safari hii bila wasiwasi wa floraidi.

Chujio jeupe na kaboni hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na mapema zaidi wakati wa masika, visima vinapoleta tope. Utando hudumu miaka 2 hadi 3. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kopo, kwa sababu hakuna atakayekumbuka. TDS ya maji safi ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, peleka sampuli maabara badala ya kusubiri muda utimie. Mkisafiri kwa wiki kadhaa, funga koki ya kuingizia maji, zima pampu, na mkirudi mwage tangi lote kabla ya mtu yeyote kunywa.