Maswali yenu: misitu na tabianchi

Niliona vijana katika msitu wa Karura, Nairobi, wakizungushia miti utepe wa kupimia. Wanatafuta nini? (Msomaji, Ridgeways)

Wanapima unene wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Kimo hicho hufuatwa karibu duniani kote ili vipimo vilingane. Ukijua unene na urefu wa mti, na uzito wa mbao ya aina hiyo kwa kila kipande cha ujazo uleule, unakadiria uzito wa mti mzima bila kuukata. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikichomwa hutoa takriban kilo 3.67 za kaboni dioksidi. Hapo ndipo mtu wa msitu anapokutana na mtu wa tabianchi. Hata vyombo vya angani vinavyopima misitu kwa leza husahihishwa kwa utepe huohuo. Ukikuta mti una kibao cha namba, tafadhali usikibandue. Lazima mti uleule upimwe tena baada ya miaka, na namba ikipotea, kumbukumbu zake zimekatika.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mbona mnalilia misitu ya zamani wakati tunapanda mipya? (Mwalimu, Kasarani)

Mwalimu, pandeni, tena kwa wingi. Lakini mche una kaboni kidogo mno, na utahitaji miongo kadhaa kufikia mti mkubwa, kama hautakufa kiangazi cha kwanza. Mti mkubwa ukichomwa leo, kaboni yake iko hewani leo, na udongo ulioachwa wazi nao huanza kupoteza ya kwake. Wangari Maathai alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 ili watu wapande miti. Januari 1999 alipigwa akitetea Karura isigawiwe wajenzi. Alifanya kazi zote mbili, nasi hatuna ruhusa ya kuchagua moja.

Mikaratusi hukausha chemchemi? (Limuru)

Kando ya chemchemi au kijito, ndiyo, hunywa sana. Iondoeni, mpande miti ya kienyeji.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anapenda misitu. Aanzie wapi? (Mama, Kayole)

Mama, kuna chuo cha misitu Londiani. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iko Muguga, na watafiti wa kilimo-misitu (kulima mazao pamoja na miti) wa ICRAF wako Gigiri. Asiikimbie hisabati: sehemu kubwa ya kazi hii sasa ni takwimu.