"Hakuna jaribu": kwa nini Yoda anachekesha kwa Kiswahili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza kazi ya sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, na kwa mazoezi nimechukua sehemu ya sayari ya Dagobah katika The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya Star Wars. Pale mzee Yoda anapomkemea mwanafunzi wake Luke kuhusu kujaribu niliandika: "Fanya au usifanye. Hakuna jaribu." Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, huyu mzee anafundisha watu wasijaribu, wakati sisi tumelelewa kwa "mgaagaa na upwa hali wali mkavu"? Kauli hiyo ina maana gani hasa? Na zile nyingine, ya pangoni na ya kwamba "yuko mwingine", nizifumbue au niziache na giza lake?

JIBU: Marahaba. Wenzako wamecheka kwa haki, ila kosa si la Yoda. Katika maneno matano umekanyaga mitego miwili. Wa kwanza ni "fanya au usifanye". Masikio yetu yamezoea "ufanye usifanye", na mtu akikwambia hivyo maana yake haidhuru, yote mamoja. Yaani mzee anakaripia, sabtaito inapiga miayo. Wa pili ni "jaribu" kama nomino. Aliyekulia kanisani akisoma "hakuna jaribu" anamfikiria shetani na vishawishi vyake. Hata asiyekulia huko atahisi neno limekaa vibaya.

Sasa maana. Jina la kanga hulielewi mpaka umjue jirani anayevaliwa, na mafumbo ya wazee wa filamu za sayansi ya kubuni ni hivyo hivyo. Watu huunyofoa mstari, wakaubandika ukutani kama methali, kisha wakashangaa mbona haupatani na methali nyingine. Ule mstari ni jibu. Rudi nyuma sekunde chache: ndege ya Luke imezama kinamasini, Yoda anamtaka ainyanyue kwa akili tu, na kijana anaitikia shingo upande kwamba sawa, atajaribu. "Nitajaribu" hiyo unaijua vizuri. Ni ya fundi cherehani ukimuuliza kama suruali itakuwa tayari Ijumaa. Akisema "nitajaribu, bosi", wewe mwenyewe unaanza kutafuta nguo nyingine ya kuvaa harusini.

Halafu tazama kinachofuata. Ndege inapanda kidogo, inazama tena, Luke analalamika kwamba ni kubwa mno. Yoda anainyanyua yeye, kibabu cha kukufika magotini, na kuiweka pakavu. Luke anasema haamini. Anajibiwa kwamba ndiyo maana ameshindwa. Fumbo limefumbuliwa hapo hapo, katika tukio lile lile, wala huhitaji kwenda kuchimba falsafa za mbali. Anachokataa mzee ni udhuru unaotangulizwa mlangoni kabla kazi haijaanza. Kujitahidi hajakukataza, na tena amekupa ruhusa kamili ya kuacha. Kwa hiyo yeye na mgaagaa na upwa hawagombani: mgaagaa hatangazi kwamba atajaribu, anagaagaa.

Mimi ningeandika: "Fanya, au acha. Kujaribu hakuna." Herufi 32 pamoja na nafasi, na wateja wengi hukupa 42 kwa mstari mmoja. "Acha" inabeba ile hiari ambayo "usifanye" inaiua kwa kuwa katazo.

Hapo kuna jambo watafsiri wetu wengi hulikosea, kwa hiyo nivumilie. Kila mtu anajua Yoda hupindua maneno, basi wanapindua kila mstari. Sikiliza tena kwa makini. Kauli ile ya kujaribu imesemwa kwa mpangilio wa kawaida kabisa wa Kiingereza, na nyingine zake nyingi pia. Mzee hupindua hapa na pale, na anapotaka neno lichome huwa analinyoosha. Ukiupinda huo mstari umeuharibu.

Na hata pale anapopindua kweli, Kiswahili hakishtuki kirahisi. Yeye hupenda kutanguliza kitendwa au sifa, kitenzi kikaja mwishoni. Kwa Kiingereza hilo linasikika kama mtu aliyeamka na kichwa kimegeuka. Kwetu, "hofu ninaiona ndani yako" ni maneno ya shangazi yeyote barazani, maana viambishi vinaonyesha nani kafanya nini hata ukivuruga foleni. Ugeni utaupata kwa njia ya washairi: tanguliza kivumishi au kimilikishi. "Kubwa hofu ninaiona." "Wangu mwanafunzi." Wenzetu wa Kenya shuleni huita kuboronga sarufi, na kwa malenga ni ruhusa, si kosa. Faida yake ni kwamba masikio yetu tayari yanahusisha mpangilio huo na uzee na hekima. Tia mara moja katika mistari minne au mitano. Ukizidisha, mzee anakuwa mlevi.

Pangoni sasa. Luke anauliza humo mna nini, anajibiwa kwamba mna kile tu atakachoingia nacho. Kisha anaambiwa silaha hatazihitaji, naye anazivaa hivyo hivyo. Ndani anakutana na Vader, adui yake mkuu, anamkata kichwa, barakoa inapasuka, na uso uliomo ni wake mwenyewe Luke. Mstari huo una mizigo miwili, silaha kiunoni na hofu moyoni, na kazi yako ni kuibeba yote bila kutaja hata mmoja. Ngeli zetu ni mbea hapa. "Uliyonayo moyoni" umeshafichua. "Silaha ulizobeba" umefichua upande wa pili. Kimbilia KI-, ngeli ya kitu kisichojulikana: "Unachoingia nacho tu." Basi. Usiongeze neno.

Mtego ule ule uko kwenye "yuko mwingine". Mzimu wa Obi-Wan, mwalimu wa kwanza wa Luke, unasema kijana yule ndiye tumaini lao la mwisho, Yoda anakataa. Ukiandika "yuko mwingine" umeshasema ni mtu. Ukifuata ngeli ya tumaini, "La. Lipo jingine", umebaki ndani ya fumbo, na mtazamaji atasubiri kama walivyosubiri wale wa 1980, hadi 1983 walipoambiwa katika Return of the Jedi kwamba ni Leia, dada yake Luke. Shukuru tu kwamba hatuna kike na kiume vya kutusaliti, kama wenye Kiarabu.

Hukuuliza, lakini baada ya Yoda utafika kwa Obi-Wan. Katika filamu ya kwanza, ya 1977, anamwambia Luke kwamba Vader alimsaliti na kumuua baba yake. Mwaka 1983, ikiwa imeshajulikana kwamba Vader ndiye huyo baba, anajitetea kwamba alisema kweli, ukiitazama kwa upande fulani. Watu hutafuta kina katika ile kauli ya kwanza. Mimi sioni kina chochote. Rasimu ya mwandishi Leigh Brackett ya filamu ya pili, ya mwaka 1978, bado ina baba yake Luke kama mzimu, mtu mbali kabisa na Vader. Ile kauli ya 1983 ni utetezi wa waandishi uliovalishwa kanzu ya hekima. Nakiri "alimmaliza" lilinivutia, kwa kuwa linaacha mlango wazi. Lakini Luke anatakiwa aamini, na mtazamaji naye. Iandike kana kwamba 1983 haijafika: "Alimsaliti baba yako, akamuua."