Mashua ikiwa juu ya magogo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Msimu wa kazi yako ukifungwa, unaishi vipi?" Swali limenikuta nimekaa kivulini mwa mashua yangu hapa Usenge, Siaya. Iko juu ya magogo, ambayo tumeyasogeza mbali na maji tangu Ziwa Victoria lilipopanda mwaka 2020. Nafasi ninayo, basi nijibu kwa kirefu.

Mimi ni nahodha wa mashua ya tanga na tunavua omena, dagaa wa ziwani. Upande wetu wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaliane. Hata ndani ya msimu tuna siku za kukaa: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka taa zetu hazivuti kitu. Hayo ya mwezi tumeyazoea, mtu hushona nyavu na kulala. Aprili ni habari nyingine.

Marufuku yenyewe siipingi. Aprili na Mei ni masika, na dhoruba za usiku ziwani zimeondoka na watu tuliowajua. Hata omena hazikauki sawasawa. Mama anaanika asubuhi, mvua ya alasiri inaziozesha. Kinachoniuma ni hali ya mabaharia. Mwenye chombo ana chombo, hata kikilala. Baharia ana mikono yake tu, na hula kilichovuliwa usiku ule. Ikifika Aprili hana kitu, na karo ya muhula wa pili haimsubiri mpaka Agosti.

Zamani nilifanya kama wengine: nyavu ndani, kila mtu kwao. Mwaka mmoja mabaharia wangu wawili walikwenda Kisumu kwenye mjengo, wa tatu akavuka hadi visiwa vya Uganda na hakurudi tena. Kazi ya mashua peke yangu sikuiweza. Nikapaka rangi, nikaridhika.

Usiku wa tatu wa Agosti, taa za Usenge zimeshapotea machoni, nikahisi maji kwenye vifundo vya miguu. Baharia mgeni alikuwa ameyaona mapema, akaogopa kuniambia. Tuliyachota kwa debe mpaka alfajiri, na omena zote tukazimwaga chombo kipate wepesi. Kulipokucha nilishika kipande cha bati kwenye maungio ya mbao, msumari ukanijia mkononi bila kuuvuta. Ulikuwa umeliwa na kutu, na pamba ya chini yake, inayoziba maungio maji yasipite, imekuwa uji. Rangi nilikuwa nimeipaka juu ya uozo.

Tangu hapo tumeelewana hivi. Kila usiku wa kuvua, karai moja la omena hutengwa kabla ya mgawo. Mama anayetuanikia huliuza pamoja na zake, na pesa anaziweka yeye. Mimi sizigusi, kwa sababu nahodha naye hupatwa na shida. Aprili ikifika, anatoa posho ya kila wiki kwa kila baharia anayefika kwenye mashua asubuhi. Si nyingi. Inanunua unga na sukari, na inapunguza deni la karo.

Asubuhi ndiyo kazi. Tunabandua mabati, tunakwangua pamba kuukuu, tunasokota mpya kwa vidole na kuishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Huku ndiko kukalafati, kazi wanayoijua vizuri ndugu zetu wa majahazi kule pwani. Kinachopima hapo ni sikio. Nyundo ikigonga patasi na mlio ukawa mzito, pamba bado inakaa. Mlio ukikauka, imejaa. Ukiendelea utapasua ubao. Kijana wetu mdogo nilimfundisha kwa kumfunga leso machoni. Siku ya kwanza alikosea karibu kila maungio. Juzi nilikuwa nagonga mimi, akasema, "Mzee, hapo bado." Nikagonga tena, na kweli ilikuwa bado.

Mchana kila mtu huenda shambani kwake. Mimi nina mahindi na mtama kidogo.

Jioni ndiyo ninayoithamini kuliko yote. Miezi minane watoto wangu huambiwa wanyamaze mchana kwa kuwa baba amelala, na wakikaa kula mimi nashuka ziwani. Miezi hii minne nakula nao. Binti yangu wa gredi ya nne hunisomea kitabu chake kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na akikwama hunitazama kwanza mimi kabla ya kumtazama mama yake. Hilo sikulijua mpaka nilipoanza kukaa nyumbani nikiwa macho.

Ombi langu kwa wanaosimamia marufuku ni waje kuongea na mabaharia mwezi wa Februari, wakati pesa bado inaingia, tupange pamoja jinsi ya kuweka akiba. Wakija Aprili wanakuta wengine wameshaondoka.

Sasa hivi zimebaki mbao tatu upande wa kushoto na pamba imetuishia. Kijana amepanda matatu kwenda Bondo kununua nyingine, na mimi nanoa misumeno nikimngojea.

Nahodha, Usenge