Ofisi ya serikali ikinunua kiti kwa mfungwa: maswali yenu na majibu

Wengi wenu, hasa mlioko Marekani, mmeniuliza kuhusu UNICOR, lile shirika la serikali ya Marekani linalofanyisha kazi wafungwa wa magereza ya shirikisho (yale ya serikali kuu, sio ya majimbo), wanatengeneza fanicha, sare, magodoro, nyaya za umeme na vingine vingi, halafu mteja ni serikali hiyo hiyo. Nimechukua maswali yanayojirudia sana.

Hivi ni kweli ofisi za serikali zinalazimishwa kununua huko? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Kweli kabisa, ila sio kila kitu na sio kila mara. Shirika lilianzishwa 1934 enzi za Rais Franklin D. Roosevelt, jina lake rasmi ni Federal Prison Industries, na sheria inasema idara ya serikali kuu ikihitaji kitu ambacho shirika linatengeneza basi inunue huko kwa bei isiyozidi ya soko. Sasa tuseme afisa manunuzi anatafuta viti vya ofisi. Anaanza na katalogi ya UNICOR, akikuta viti vipo anavilinganisha na vya makampuni ya nje kwa bei, ubora na muda wa kuletewa mzigo. Vikilingana anachukua vya wafungwa, hatangazi tenda. Visipolingana ndo anaitisha ushindani, na UNICOR nao wanaruhusiwa kuingia humo. Manunuzi madogo madogo yamesamehewa. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, manake ulipaswa kuwaomba UNICOR wenyewe kibali cha kwenda kununua kwingine, yaani muuzaji ndo anaamua kama mteja anaruhusiwa kuondoka, na hiyo haikuwa haki hata kidogo, nashukuru walibadilisha.

Kwa nini wasiuze tu madukani kama watu wengine? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa lazima turudi nyuma kidogo ndugu yangu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha na utumwa ukafutwa, majimbo ya kusini yakaanza kuwakodisha wafungwa kwa wenye migodi ya makaa, mashamba na reli. Wengi walikuwa watu weusi waliokamatwa kwa vijikosa vidogo kama kuzurura bila kazi, na walikufa kwa wingi kwa sababu aliyekodisha hakuwa na hasara mtu akifa, alipewa mwingine. Alabama ndo ilikuwa ya mwisho kuacha, mwaka 1928. Halafu uchumi ukaanguka, watu hawana kazi, vyama vya wafanyakazi na wenye viwanda wakapiga kelele kwamba haiwezekani tushindane na mtu asiyelipwa, na kuanzia 1935 Bunge likaanza kuzuia bidhaa za wafungwa kusafirishwa jimbo hadi jimbo kwenda kuuzwa kwa raia wa kawaida. Mteja aliyebaki ni serikali. Sheria ya 2018 imefungua mlango kidogo, sasa hivi hata mashirika yasiyo ya faida yanaweza kuuziwa.

Wanalipwa shilingi ngapi? (Msomaji, Minneapolis)

UNICOR wanalipa kuanzia senti 23 mpaka dola 1.15 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe, mtu wa daraja la chini akikaa kwenye cherehani saa saba anatoka na dola 1.61, wakati kima cha chini cha shirikisho kwa mtu wa nje ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Na hiyo hela haibaki yote mkononi, kama mahakama ilimwamuru kulipa faini au fidia kwa aliowakosea anategemewa kutoa angalau nusu ya mshahara. Inayobaki ndo sabuni, dawa ya meno na kupiga simu nyumbani. Na bado hawa ni wenye bahati, kazi nyingine za ndani ya gereza, kupika, kufagia, kufua, zinalipa senti 12 mpaka 40 kwa saa, na kwenye majimbo kama Texas, Georgia na Alabama wafungwa walio wengi hawalipwi kitu kabisa. Mwaka 2020 corona ilipoingia New York gavana alitangaza kwa fahari kwamba jimbo linapata sanitaiza yake lenyewe, na mikono iliyokuwa kwenye kazi hiyo ilikuwa ya wafungwa waliokuwa wakilipwa chini ya dola moja kwa saa.

Kisheria inawezekana kwa sababu marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu kwa aliyehukumiwa. Mimi sipingi mfungwa kufanya kazi, kukaa tu kwenye seli mwaka mzima ukitazama ukuta kunamharibu mtu. Ninachopinga ni serikali kuwa bosi, mlinzi na mteja kwa wakati mmoja halafu yenyewe ndo inapanga mshahara. Huyo mfanyakazi ataenda kulalamika wapi?

Vitu vyenyewe ni imara? (Msomaji, Mombasa)

Vingine ni imara tu, meza ni meza. Lakini kuna kisa ambacho kila afisa manunuzi anapaswa kukijua. Kwenye gereza la Beaumont, Texas, walikuwa wanatengeneza helmeti za jeshi, zile za kuzuia risasi na vipande vya bomu, miaka ambayo vita vya Iraq na Afghanistan vilikuwa vimepamba moto. Januari 2010 wakaguzi waliingia ghafla bila taarifa wakakuta wafungwa wanatumia vifaa vya kujiundia wenyewe juu ya helmeti, hadharani kabisa, na vifaa hivyo vinaharibu ile malighafi inayozuia risasi, mbali na kwamba ndani ya gereza kifaa kama hicho ni silaha tayari. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya 2016 inasema helmeti 126,052 zilirudishwa na hasara ilizidi dola milioni 19. Hakuna ripoti ya askari aliyeumia kwa sababu yake, tunamshukuru Mungu. Na msiwalaumu wafungwa peke yao, ripoti imewataja wafanyakazi wa gereza pia na kampuni iliyowapa kazi.

Upande wa afya nako, kwenye kazi ya kuchakata kompyuta chakavu, gereza la Elkton, Ohio likiwemo, wafungwa walivunja vioo vya skrini za zamani kwa nyundo, vumbi la sumu la madini ya risasi (lead) na kadimiamu likiwapanda, wao na askari wao. Hiyo nayo ni ripoti ya mkaguzi huyo huyo, ya 2010.

Mbona Marekani inazuia bidhaa za wafungwa wa China? (Msomaji, Muscat)

Inazuia, kwa sheria ya forodha ya 1930, na 2021 wakaongeza nyingine mahsusi kwa jimbo la Xinjiang huko China. Sheria hizo zinagusa kinachoingia kutoka nje tu, cha kwao hakiguswi. Umeuliza vizuri na mimi naona wanatakiwa wajibu.

Na huku kwetu je? (Msomaji, Nakuru)

Kaka, hiyo namba ya gari lako imetoka gereza la Kamiti. Tanzania kuna Shirika la Magereza, kuna fanicha za Ukonga, kuna kiwanda cha viatu cha Karanga pale Moshi ambacho magereza wameingia ubia na mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Julai 2018 Rais Magufuli alisema wafungwa wafanye kazi, wajilishe wenyewe. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 29 wa 1930, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unaruhusu kazi ya mtu aliyehukumiwa na mahakama mradi awe chini ya usimamizi wa serikali na asikabidhiwe kwa mtu binafsi au kampuni. Kwa hiyo kila ubia unapotangazwa, ulizeni nani anamsimamia mfungwa na analipwa nini.

Mtoto wa dada yangu yuko gereza la shirikisho, anataka UNICOR, tumshauri nini? (Msomaji, Houston)

Pole sana dada. Mwambie ajiandikishe mapema kwa sababu kuna foleni ya kusubiri, na kama hana cheti cha sekondari au GED (mtihani unaokubalika badala ya cheti hicho) aanze masomo leo, bila hicho hapandi madaraja ya juu ya mshahara. Utafiti wa magereza yao wenyewe ulionyesha waliofanya kazi kwenye viwanda vya magereza walirudi jela kwa uwiano mdogo kwa asilimia 24 kuliko wenzao, kwa hiyo ana sababu ya kuitaka. Lakini kwa vile wengi wetu huko ni wahamiaji, ulizia kwanza jambo moja: aliyekwisha kupewa amri ya kuondolewa nchini haruhusiwi kupangiwa UNICOR kabisa. Kama kesi yake ya uhamiaji bado iko wazi, mwanasheria wa uhamiaji ndo wa kumwona kabla ya yote.